Kuisoma Japani ya kale kitaalamu: anza na kijitabu kimoja cha mwaka 1212

Anayetaka kuisoma Japani kwa undani kwa kawaida huanza na kitabu kinene cha historia, kinachotoka enzi za vyungu vya udongo hadi vita vya mwaka 1945. Baada ya miezi sita anayataja majina ya enzi zote bila kusita, lakini ukimwekea mbele mstari mmoja wa andiko la karne ya 13 anabaki ameduwaa. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Chagua andiko moja fupi, ling'ang'anie mwaka mzima au zaidi, na kila swali linalozuka ndani yake likupeleke kwenye sarufi, kalenda, dini, ramani na nyaraka za wakati huo. Ukilimaliza utakuwa na stadi za kukuwezesha kufungua andiko lingine lolote.

Andiko ninalopendekeza ni Hōjōki (方丈記) la Kamo no Chōmei, lililokamilika mwaka 1212. Katika chapa za kisasa maandishi yenyewe hayafiki kurasa thelathini. Chōmei alikuwa mwana wa kuhani wa hekalu la Shimogamo mjini Kyoto. Alikosa cheo alichokitarajia, akawa mtawa alipokaribia miaka hamsini, na mwisho akajenga kibanda cha takribani mita tatu kwa tatu huko Hino, kusini-mashariki mwa mji. Nusu ya kwanza ya andiko inasimulia majanga matano ya Kyoto: moto wa 1177, kimbunga cha 1180, kuhamishwa kwa mji mkuu mwaka huohuo, njaa ya 1181 na 1182, na tetemeko la 1185. Nusu ya pili inaeleza kibanda na maisha ya upweke. Humo mna historia, fasihi na dini kwa pamoja, ndiyo maana linafaa kuliko riwaya ndefu za kasri ambazo zingekumeza kabla hujajua kuogelea.

Lugha ya leo kwanza

Hapa hakuna njia ya mkato. Jifunze hiragana na katakana, herufi 46 kila moja, kwa kuziandika kwa mkono. Wiki chache zinatosha. Kisha anza kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina. Orodha rasmi ya matumizi ya kila siku ina kanji 2,136, lakini usingoje uzimalize zote ndipo ufungue Hōjōki, kwani ukiwa na mia sita hadi mia nane zilizokaa vizuri kichwani, pamoja na kamusi, unaweza kuanza. Lengo la kwanza ni kusoma maelezo ya Kijapani cha leo, maana karibu kila tanbihi yenye manufaa imeandikwa kwa lugha hiyo. Kama unapenda kujipima, mtihani wa kimataifa wa kupima uwezo wa Kijapani, JLPT, hufanyika pia Nairobi. Ngazi yake ya kati, N3, inakufungulia mlango wa sarufi ya kale. Makala za wataalamu utaanza kuzisoma bila kutokwa jasho ukikaribia N2.

Msemaji wa Kiswahili ana faida mbili, azitumie. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu na silabi nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo matamshi hayatakusumbua, ila uzingatie irabu ndefu: Chōmei si Chomei, na kistari juu ya o lazima kibaki katika maandishi yako yote. Ya pili ni kwamba umezoea kitenzi kinachobeba viambishi vingi. Sisi hupakia mwanzoni, *sikumwona*, Wajapani hupakia mwishoni. Kazi ya kukichambua kitenzi kipande kwa kipande ndiyo hiyohiyo.

Sarufi ya kale: usiiruke

Kijapani cha Chōmei kiko mbali na cha leo kiasi kwamba hata mwanafunzi wa sekondari wa Tokyo hufundishwa darasani kama somo lake. Mfumo huo wa lugha ya kale huitwa bungo. Unachohitaji ni majedwali mawili: la minyambuliko ya vitenzi na vivumishi, na la vitenzi visaidizi. Yakariri. Najua kukariri hakupendwi siku hizi, ila hapa hakuna kibadala.

Chukua sentensi ya kwanza ya andiko, ambayo Wajapani wengi wanaijua kwa moyo:

*Yuku kawa no nagare wa taezu shite, shikamo moto no mizu ni arazu.*

Mkondo wa mto uendao haukatiki, na hata hivyo maji si yale ya awali. Sasa ifungue. *Taezu* ina kitenzi *tayu*, kukatika, kilichogeuka *tae-* ili kipokee kikanushi *zu*. *Arazu* ni *ari*, kuwapo, iliyogeuka *ara-* kwa sababu ileile. Ile *ni* kabla yake si kihusishi cha mahali kama katika lugha ya leo, ni umbo la *nari*, yaani "ni" ya kwetu. Mwanafunzi anayejua lugha ya leo tu atakisia maana, na pengine atapatia. Tatizo ni kwamba hana njia ya kujua amepatia au amekosea.

Faida yenyewe inaonekana kurasa mbili mbele, kwenye moto wa 1177. Chōmei anasema upepo ulivuma kwa nguvu, na usiku haukutulia: *shizuka narazarishi yo*. Lile *shi* ni umbo la *ki*, kisaidizi cha wakati uliopita ambacho kwa kawaida hutumika kwa jambo ambalo msemaji alikuwapo. Kisha anataja chanzo cha moto: ulianzia kwenye kibanda cha muda cha wacheza ngoma. Hapo anaacha *ki*, anatumia *keri*, na kufunga sentensi kwa *to namu*. Hiyo ni lugha ya habari iliyosikika, sawa na sisi tunaposema "inasemekana" au "wanadai". Kwa hiyo ndani ya aya moja mwandishi ametenga aliyoyaona na aliyoyasikia, na tafsiri nyingi zinaifuta tofauti hiyo kabisa. Mwanahistoria asiyejua *ki* na *keri* atamnukuu Chōmei kama shahidi wa chanzo cha moto, jambo ambalo Chōmei mwenyewe hakudai.

Njia ya kufanya kazi: andika kila sentensi katika mistari mitatu. Wa kwanza ni maandishi yenyewe, wa pili uchambuzi wa kila kipande, wa tatu Kiswahili chako. Usitafsiri kwa Kiswahili cha kupendeza. Kiache kigumu, kifuate umbo la asili, utapata muda wa kukinyoosha baadaye. Sentensi tano kwa siku ni kasi ya haraka mno mwanzoni.

Kamusi zipo bure. Tovuti ya Kotobank inakusanya kamusi na ensaiklopidia kadhaa za Kijapani, na kamusi za lugha ya kale zinapatikana mtandaoni pia. Jihadhari na tahajia ya zamani: neno la "leo", *kyō*, liliandikwa *kefu*, na ukilitafuta kwa tahajia ya leo katika faharasa ya kale hutaliona.

Unasoma nakala ipi?

Hili swali wasomaji wengi hulipita, na ni kosa, kwa sababu Hōjōki haliko moja. Kuna nakala ndefu za kale, kuna nakala ndefu zilizoenea baadaye, na kuna nakala fupi ambazo hazina kabisa majanga yale matano. Nakala ya kale inayoheshimika zaidi inaitwa Daifukukōji, kwa jina la hekalu lililoihifadhi. Imeandikwa kwa kanji na katakana, na kwa muda mrefu imenasibishwa na mkono wa Chōmei mwenyewe, ingawa wataalamu hawajakubaliana. Chapa nyingi za kitaalamu za leo zinaifuata hiyo.

Lakini ukienda Aozora Bunko, maktaba ya bure ya mtandaoni ambayo kila mwanafunzi huikimbilia, utakuta maandishi ya nakala zilizoenea. Zilinganishe kwenye aya ya moto. Nakala ya Daifukukōji inasema waliokufa, wanaume kwa wanawake, walikuwa makumi kadhaa. Maandishi ya Aozora yanasema maelfu kadhaa. Tofauti ni ya kanji moja, 十 dhidi ya 千, na mnakili akiteleza mkono kidogo tu tayari ameshaua watu maelfu. Katika aya hiyohiyo kile kibanda cha wacheza ngoma kimekuwa kibanda cha wagonjwa, 舞人 dhidi ya 病人.

Kwa hiyo kabla hujaandika "Hōjōki linasema", taja ni nakala gani. Tengeneza jedwali dogo la tofauti katika aya unazozishughulikia, na usikimbilie kuamua ipi ni sahihi. Jiulize kwanza mnakili angeweza kukosea kuelekea upande upi. Picha za nakala na za chapa za mbao, yaani vitabu vilivyochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, utazipata katika makusanyo ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Bunge la Japani, na katika hifadhidata ya vitabu vya kale ya Taasisi ya Taifa ya Fasihi ya Kijapani iliyoko Tachikawa, Tokyo. Zote mbili huzifungui kwa herufi za Kirumi ukapata kila kitu. Tafuta kwa kanji: 方丈記, 鴨長明.

Na kuhusu majina: jina la ukoo hutangulia, na watu wa kale huitwa kwa jina lao binafsi. Katika maandishi yako atakuwa Chōmei, si Kamo. Kanji za jina lake zilisomwa Nagaakira, na baada ya utawa akaitwa Ren'in. Mtu mmoja, majina matatu, na ukitafuta moja tu utakosa nyaraka.

Tarehe, saa na mitaa

Chōmei anaanza habari ya moto kwa kusema ilikuwa, nadhani, mwaka wa tatu wa enzi ya Angen, mwezi wa nne, tarehe 28. Hilo "nadhani" limo katika asili, *ka to yo*. Anaandika miaka 35 baada ya tukio, na anakiri kumbukumbu yake ina mipaka. Usilifute katika tafsiri.

Sasa igeuze tarehe hiyo. Kosa la kawaida ni kuandika 28 Aprili 1177. Kalenda ya Japani hadi mwisho wa 1872 ilifuata mwezi mwandamo, na hesabu sahihi inatupeleka 27 Mei 1177 kwa kalenda ya Julius, ile ya zamani ya Ulaya. Msomaji aliyezoea tarehe za Hijria atalielewa hili upesi kuliko Mzungu, lakini asilewe na ufanano huo: Wajapani, tofauti na Hijria, waliongeza mwezi mzima kila baada ya miaka miwili au mitatu ili majira yasihame. Mwezi wa nyongeza huitwa uruu. Kwa mapokeo Chōmei mwenyewe alifariki katika mwezi wa sita wa nyongeza wa mwaka 1216, na ukiusahau huo unyongeza unakosea kwa siku thelathini hivi. Mtandaoni kuna vikokotoo vya kugeuza tarehe. Vitumie, kisha uandike zote mbili, ya asili na iliyogeuzwa, na useme kama ni Julius au Gregori, yaani kalenda tunayoitumia leo. Angalia pia miezi ya kumi na moja na kumi na mbili, kwa kuwa siku zake za mwisho mara nyingi huangukia mwaka unaofuata wa Kizungu.

Majina ya enzi nayo yana mtego. Enzi ilibadilishwa katikati ya mwaka, mara nyingi kwa sababu ya balaa. Mwaka wa tatu wa Angen ukawa wa kwanza wa Jishō mwezi wa nane, baada ya moto huohuo. Tetemeko la 1185 lilipiga tarehe 9 ya mwezi wa saba, mwaka wa pili wa Genryaku, na mwezi uliofuata enzi ikageuzwa kuwa Bunji. Ndiyo maana utaona "tetemeko la Genryaku" katika kitabu kimoja na "tetemeko la Bunji" katika kingine, ukadhani ni mawili.

Saa? Moto ulizuka yapata saa ya Mbwa. Siku iligawanywa vipindi kumi na viwili vyenye majina ya wanyama, na Mbwa huangukia mnamo saa mbili usiku, kwa saa zetu.

Mahali ndipo penye raha yake. Chōmei anasema moto ulianza kusini-mashariki ya mji, kwenye njia panda ya Higuchi na Tominokōji, ukasukumwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi, ukatanuka kama kipepeo cha kujipepea kilichofunguliwa, hadi ukafika lango la Suzaku na ukumbi mkuu wa kasri, Daigokuden. Fungua ramani ya Kyoto ya leo. Mji ulipangwa kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo unaweza kuufuata moto mtaa kwa mtaa. Tahadhari moja: Tominokōji ya leo siyo ile. Mtaa wa karne ya 12 unalingana na Fuyachō ya sasa, nayo Higuchi inalingana na Manjuji. Barabara kuu ya Suzaku iko palepale inapopita Senbon. Weka nukta kwenye ramani na uchore mstari, utaona mwenyewe kwamba mwelekeo aliousimulia unakubaliana na majengo anayoyataja. Daigokuden haukujengwa tena baada ya usiku ule, jambo linalokueleza uzito wa tukio kuliko sifa zozote za mwandishi.

Tafuta mashahidi wengine

Mwenye kisa akijisimulia peke yake, hukumu haijakamilika. Kwa bahati kipindi hiki kina shajara za makabaila. Kuu kuliko zote kwa kazi yetu ni Gyokuyō ya Kujō Kanezane, aliyekuwa waziri wa kulia mwaka 1177, ikihusu miaka ya 1164 hadi 1200. Alikuwa mtu wa juu serikalini, naye alikuwa akiandika siku hadi siku. Chōmei wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na aliandika akiwa mzee. Kwa kimbunga cha 1180, tazama Meigetsuki ya mshairi Fujiwara no Teika, ambayo inaanza mwaka huohuo.

Shajara hizi zimeandikwa kwa Kichina kilichopindwa Kijapani, kanbun, na kanuni zake za kusomea zinataka kozi yake. Usivunjike moyo: kwa siku moja ya tukio unahitaji mistari michache tu, na Taasisi ya Nyaraka za Kihistoria ya Chuo Kikuu cha Tokyo, Shiryō Hensanjo, ina hifadhidata unazoweza kutafutia kwa tarehe. Taasisi hiyo ndiyo inayochapisha tangu 1901 mfululizo wa Dai Nihon Shiryō, unaopanga dondoo za nyaraka siku kwa siku kuanzia mwaka 887. Haujakamilika, na baadhi ya miaka bado ina mapengo, kwa hiyo usipokuta kitu usihitimishe kwamba hakikuwapo.

Kuna shahidi mmoja wa kumkataa hapa. Utenzi wa nathari wa vita vya koo za Taira na Minamoto, Heike Monogatari, nao unasimulia moto, kimbunga na tetemeko, na maneno yake yanafanana mno na ya Chōmei. Sababu ni kwamba uliazima kutoka Hōjōki. Ukiyataja mawili haya kama ushahidi unaothibitishana, umemwita shahidi mmoja mara mbili.

Halafu uliza kilichoachwa. Majanga haya yanatokea katikati ya vita vya 1180 hadi 1185. Ukoo wa Taira uliangamizwa katika vita vya baharini vya Dan-no-ura mwezi wa tatu wa 1185, miezi minne tu kabla ya tetemeko, na aliyehamisha mji mkuu kwenda Fukuhara alikuwa Taira no Kiyomori, kiongozi wa ukoo huo. Chōmei hamtaji Kiyomori, wala hatusimulii vita. Kwa nini? Wapo wanaosema ni busara ya kisiasa, wapo wanaosema mpango wa andiko lake ulihitaji majanga yanayogusa nyumba na makazi. Mimi naelekea upande wa pili, kwa sababu hata njaa anaisimulia kwa kuwatazama watu wakibomoa nyumba zao wauze kuni. Wewe soma, kisha uamue.

Dini: achana na visanduku

Mwanafunzi mpya hupenda kuuliza: Chōmei alikuwa Mshinto au Mbudha? Madhehebu gani? Swali hilo linaileta karne ya 19 katika karne ya 13. Kutenganishwa rasmi kwa miungu ya kienyeji na Ubudha kuliamriwa na serikali ya Meiji mwaka 1868. Kabla ya hapo mwana wa kuhani wa Shimogamo kufa akiwa mtawa wa Kibudha hakukuwa na kioja.

Ingia kibandani uangalie vitu. Upande wa kaskazini kuna picha ya Buddha Amida, kando yake picha ya mtakatifu wa Kibudha Fugen, mbele yake andiko takatifu la Sutra ya Lotus. Kwenye rafu kuna makasha matatu meusi ya ngozi yenye mashairi, vitabu vya muziki na dondoo za Ōjōyōshū, kitabu cha mtawa Genshin cha mwaka 985 kuhusu kuzaliwa katika Nchi Safi ya Amida. Pembeni kuna ala mbili za nyuzi, koto na biwa. Orodha hiyo peke yake inatosha kwa insha nzima: ibada na sanaa vimekaa ukuta kwa ukuta, na mwisho wa andiko mwandishi anajishtaki kwamba hata kukipenda kibanda hiki ni kung'ang'ania dunia.

Sasa rudi kwenye njaa. Mtawa Ryūgyō wa hekalu la Ninnaji, akihuzunishwa na maiti barabarani, aliandika herufi *a* kwenye paji la uso la kila maiti aliyeiona ili kuifungamanisha na Buddha. Hesabu ya miezi miwili, katika eneo la mashariki ya Suzaku pekee, ilizidi 42,300. Kwa nini *a*? Ni herufi ya kwanza ya Kisanskriti, kitovu cha tafakuri katika Ubudha wa siri wa Shingon, na Ninnaji ni hekalu la Shingon. Kwa hiyo tayari una Amida, Lotus na Shingon ndani ya kurasa thelathini. Ongeza Vimalakirti, mlei maarufu wa maandiko ya Kibudha ambaye kwa mapokeo chumba chake kilikuwa na ukubwa huohuo wa jō moja, yaani takribani mita tatu, kila upande: Chōmei anamtaja kwa jina alipokuwa akijisuta. Maandiko ya sutra yenyewe yanapatikana bure katika hifadhidata ya SAT ya Chuo Kikuu cha Tokyo.

Kwa wenzetu wanaosoma Kiingereza, Japanese Journal of Religious Studies la Chuo Kikuu cha Nanzan, Nagoya, na Japan Review la kituo cha Nichibunken, Kyoto, yote yanasomeka bila malipo. Makala za Kijapani zitafute katika hifadhidata za mtandaoni za CiNii na J-STAGE. Anza na makala mpya kabisa, kisha ufuate tanbihi zake kurudi nyuma.

Mwandiko wa mkono

Hatua hii iache hadi umalize zilizotangulia. Maandishi ya kale yameunganishwa na kukunjwa, huitwa kuzushiji, na sauti moja ya kana, yaani hiragana na katakana, ingeweza kuandikwa kwa maumbo kadhaa hadi shule za serikali zilipobakiza umbo moja mwaka 1900. Fanya hivi: chukua chapa ya mbao ya karne ya 17 ya Hōjōki kutoka hifadhidata niliyoitaja, weka pembeni maandishi yaliyochapwa unayoyajua tayari, na ufuate herufi kwa herufi kwa kidole. Kwa kuwa maana unaijua, jicho linajifunza umbo tu. Ipo programu ya simu inayoitwa miwo, ya bure, iliyotolewa mwaka 2021, inayosoma kuzushiji kwa kupiga picha ukurasa. Inasaidia sana, na pia inakosea kwa kujiamini. Itumie kukagua usomaji wako, usiitegemee ikusomee. Nakala ya Daifukukōji, kwa kuwa ni ya katakana, ni rahisi kuliko inavyotisha.

Kutoka daftari hadi pendekezo la utafiti

Ukifika hapa una vitu vya kuonyesha: uchambuzi wa sentensi, jedwali la nakala, tarehe zilizogeuzwa, ramani, dondoo za shajara. Njia inayojulikana zaidi ya kwenda kusoma Japani ni ufadhili wa Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, MEXT. Maombi ya wanafunzi wa utafiti hupitia ubalozi wa Japani katika nchi yako, tangazo kwa kawaida hutoka kati ya Aprili na Juni, na umri unatakiwa uwe chini ya miaka 35. Soma masharti ya mwaka husika kwenye tovuti ya ubalozi wenyewe, usitegemee yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Kipande kinachoangusha wengi ni mpango wa utafiti. "Nataka kuchunguza utamaduni wa Japani na mchango wake kwa Afrika" ni sentensi ambayo wakaguzi wameisoma mpaka wamechoka. Linganisha na hii: "Nitachunguza jinsi Chōmei anavyotenga aliyoyaona na aliyoyasikia katika majanga matano ya Hōjōki, kwa kufuatilia matumizi ya *ki* na *keri* katika nakala ya Daifukukōji na nakala zilizoenea, na kuyalinganisha na maingizo ya siku hizohizo katika Gyokuyō." Andiko limetajwa, nakala zimetajwa, njia inaonekana, na kazi inamalizika ndani ya miaka miwili. Ongeza aya moja ya matokeo ya awali kutoka daftari lako, kwa mfano ile ya chanzo cha moto.

Ukimwandikia profesa, tumia jina la ukoo likifuatiwa na Sensei, barua isizidi ukurasa, na utaje makala yake moja uliyoisoma na jambo gani ndani yake linagusa swali lako. Tuma mapema, kwa kuwa mwaka wa masomo wa Japani huanza Aprili na barua ikifika Februari au Machi inamkuta katikati ya mitihani ya kuingilia chuo.